Urithi Usioandikwa kwenye Wosia

Kiswahili kina neno tasa kwa mwanamke asiyezaa, na likishampata halimwachi. Mgumba anaweza kuwa mwanamume pia, ila mtaani hatumwiti hivyo; tunarukia hanithi, au ule utani wa jogoo kushindwa kupanda mtungi. Tumechanganya mambo mawili. Mwanamume anaweza kuwa mzima kabisa chumbani, na kwenye shahawa zake kusiwe na mbegu hata moja. Lakini ndoa ikikaa miaka bila mtoto, anayezungushwa kwa madaktari, waganga na wachungaji ni mke.

Sababu nyingine ziko kwenye vinasaba. Kuna wanaume waliozaliwa na kromosomu X ya ziada, 47 badala ya 46. Dalili zake Harry Klinefelter alizieleza mwaka 1942, na wengi hawajijui mpaka watafute mtoto. Wengine kromosomu yao Y imepungukiwa kipande, eneo liitwalo AZF, penye jeni zinazohusika na kutengeneza mbegu. Hayo hayaletwi na uhuni wa ujana wala laana ya bibi.

Rafiki yangu ni wa kundi hili la pili. Pengo lake liko sehemu inayoitwa AZFc, na kwa wenye hali hiyo mara nyingi mbegu chache hupatikana, hata ikibidi zichukuliwe kwenye korodani. Tangu mwaka 1992, madaktari wa Brussels walipotangaza mimba za kwanza za njia hiyo, mbegu moja tu ikidungwa ndani ya yai inaweza kutosha. Gharama yake ni mada nyingine, na inauma.

Ila baba humpa mtoto wa kiume Y ileile aliyonayo, na pengo lake. Binti haipati. Basi akaniuliza: “Ndugu yangu, ni haki kweli nimzae mtu huku najua namkabidhi shida yangu?”

Wapo wanaoshauri vipandikizwe viinitete vya kike tu. Mimi hilo linanikwama kooni. Huyo wa kiume tunamkataa kwa kosa gani? Atakula, atasoma, atapenda. Nilimuuliza rafiki yangu kama yeye mwenyewe angeona heri asingezaliwa. Akacheka, eti swali gani hilo.

Kumbe kilichomtesa yeye zaidi ni aibu. Na hapo nina ugomvi naye. Mkewe anajua majibu, wengine wote hawajui. Mama mkwe bado anampigia simu binti wa watu kumuuliza kama amemaliza dawa za mizizi, naye anaitikia, “Ndiyo mama, nimemaliza.” Mtu anakosa usingizi kwa kuwaza haki ya mtoto ambaye hajatungwa, huku aliye hai anabeba jina lisilo lake mezani kwake kila Jumapili.

Tena mtoto huyo akija, atahitaji kuambiwa. Mbegu za wenye pengo hilo zinaweza kupungua kadiri umri unavyosonga, hivyo kijana anaweza kupimwa mapema na kugandishiwa alizonazo. Sasa utamwambiaje mtoto wa miaka 18 akapime, wakati hadithi anayoijua tangu utotoni ni kwamba mama ndiye aliyechelewa kushika mimba?