Amana ya Mtoto Mbele ya Mahakama

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya haya:

Enyi ndugu zetu Waislamu, leo twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo wengi hulinong'ona barazani na wachache hulisemea mimbarini. Nalo ni jambo la mzazi anayejiwa na afisa wa watoto, akaambiwa kwamba mwanawe ameonekana hana malezi wala ulinzi wa kutosha, na kwamba shauri lake litapelekwa katika Mahakama ya Watoto. Mahakama hiyo ina nguvu za kumrudisha mtoto kwa mzazi wake, au kumweka chini ya uangalizi, au kumkabidhi mtu mwingine anayefaa kumlea, au kumpeleka katika makao ya watoto.

Msidhani khabari hii iko mbali nasi watu wa pwani. Ni nyumba chache katika miji yetu zisizo na mwana au binti aliyekwenda Nairobi kutafuta riziki. Wengi wao hawakai penye majumba ya bustani. Wakaa katika mitaa ya Eastlands, kama vile Kariobangi, watu watano chumba kimoja, kazi yao ni ya kutwa, na shangazi na nyanya wa kuwashikia mtoto wako Mombasa au Lamu. Mwezi wa Mei 2020, ndani ya Ramadhani, na maradhi ya korona yameenea, nyumba zilivunjwa Kariobangi karibu na mitambo ya maji taka, na maelfu ya watu wakabaki nje, wazee kwa watoto. Mpita njia aliyemwona mtoto amelala barabarani siku zile angaliweza kusema: mtoto huyu ametupwa. Naye hakutupwa, nyumba ndiyo iliyoondolewa juu ya kichwa chake.

Hapa ndipo penye asili ya mas'ala yetu. Umasikini si uovu wa mzazi. Hata Umoja wa Mataifa, katika miongozo uliyoipitisha mwaka wa 2009 juu ya watoto waliokosa malezi ya wazazi, umesema kwamba ufukara peke yake usiwe ndiyo sababu ya kumtoa mtoto kwao. Bali uwe ni dalili kwamba jamaa ile yahitaji kusaidiwa. Lakini anayejua haya ni nani? Mama aliyemfungia mtoto chumbani ili akauze maandazi hayajui. Akiona karatasi ya mahakama hutetemeka, akahama mtaa usiku, na kule kuhama kukawa ndiyo hoja kubwa juu yake.

Wala hatusemi kwamba sheria ni adui yetu. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 53, imempa mtoto haki ya kulelewa na wazazi wake wote wawili, na haki ya kulindwa asidhulumiwe wala asipuuzwe. Na imeamrisha kwamba maslahi ya mtoto yatangulie katika kila jambo limhusulo. Sheria ya Watoto ya 2022 imejengwa juu ya msingi huo. Nasi twajua kwamba wako wanaowapiga watoto mpaka wakawaumiza, na wako wanaowafanyia machafu yasiyotajika. Afisa anayemtoa mtoto katika mikono ya watu hao ametutimizia sisi faradhi tuliyoiacha, na mwenye kumficha dhalimu kwa ajili ya udugu ni mshirika wake. Maneno yetu leo ni juu ya mzazi asiyekuwa na dhambi ila uchache wa mali na uchache wa ujuzi.

Mzazi kama huyu afanyeje? Someni Suratul Qasas. Mtoto Musa alipookotwa na watu wa Firauni, mamake alimtuma dada yake amfuate. Binti yule hakukaa nyumbani akilia, wala hakwenda kupiga kelele mlangoni kwa Firauni. Alifuata kwa mbali, akatazama mambo yanavyokwenda. Na alipoona mtoto amekataa kila mnyonyeshaji, akatoka mbele ya watu wenye nguvu akawaambia kwa maneno ya adabu kwamba anaweza kuwaonyesha nyumba itakayomlea na kumtakia mema. Kwa hivyo Mwenyezi Mungu akamrudisha Musa kwa mamake, jicho lake likatulia. Binti yule alikuwa na mambo matatu: alijua mtoto yuko wapi, alijua wakati wa kusema, na alikwenda na nyumba ya malezi mkononi mwake. Mambo matatu hayo ndiyo yanayotakikana leo.

La kwanza, mzazi asikimbie. Siku aliyoitwa na ahudhurie. Mtume (s.a.w.) alipomtuma Sayyidna Ali kuwa hakimu Yemen, alimfundisha asikate hukumu mpaka amsikie wa pili kama alivyomsikia wa kwanza. Basi hakimu atamsikiaje wa pili ambaye hakuja? Naye aende na ushahidi wake: cheti cha kuzaliwa cha mtoto, kadi ya kliniki, barua ya mwalimu wa shule na ya mwalimu wa chuo, na jirani anayejua mwenendo wake. Aulize afisa ameandika nini katika ripoti, ili aweze kuijibu. Wala asitie sahihi karatasi asiyoifahamu; Kiswahili ni lugha rasmi ya nchi hii, basi asione haya kuomba aelezwe kwa Kiswahili.

La pili, atafute wakili. Wengi hudhani wakili ni wa matajiri. Sivyo. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 imeweka Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria kwa ajili ya wasiojiweza, na mashauri ya watoto yamo katika yale yanayosaidiwa. Mtoto mwenyewe ana haki ya kuombewa msaada huo, na mahakama yaweza kuamrisha awekewe wa kumsemea. Tena kiko Kituo cha Sheria, kilichoanzishwa mwaka wa 1973, na iko FIDA ya Kenya, ya mawakili wanawake, iliyoanzishwa mwaka wa 1985. Wote hawa hujulikana kwa kuwasaidia maskini. Ajabu ni kwamba mtu hukosa nauli ya kwenda kwa wakili, lakini hapati taabu kupata fedha za kumpa mganga amwandikie hirizi ya kumfunga hakimu ulimi. Hirizi haisomi ripoti, wala kombe halijibu swali. Mwenyezi Mungu ametufundisha kuiendea kila haja kwa njia yake, kisha tumtegemee Yeye.

La tatu, aende na nyumba ya malezi. Sheria ya 2022 imelitaja neno *kafala*, kuwa Muislamu mwenye uwezo amchukue mtoto aliyekosa malezi ya wazazi, awe ni wa damu yake au si wa damu yake. Neno hili ni la asili moja na lile alilolitumia dada wa Musa katika Kurani. Na kafala haibadilishi nasaba: mtoto hubaki kwa jina la babake, kama tulivyoamrishwa katika Suratul Ahzab. Basi ikiwa mama wa Kariobangi ameugua au amefungwa, na mjomba wa mtoto yuko Malindi na ana uwezo na tabia njema, mjomba huyo na asimame mbele ya hakimu aseme: mimi hapa. Serikali yenyewe, katika mpango wake wa miaka kumi ulioanza 2022, imekusudia kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha majumbani. Mlango u wazi; kilichobaki ni mtu wa kuingia.

Huenda mtu akauliza: Kwa nini tusilipeleke shauri hili kwa Kadhi? Tutamjibu: Katiba, katika kifungu cha 170, imempa Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali hukumu yake. Shauri la kumlinda mtoto, lililoletwa na serikali, mahali pake ni Mahakama ya Watoto. Mwenye kumwendea Kadhi akaiacha siku yake kule, ameipoteza siku yake bure.

Na mwingine huenda akasema: Hukumu imekwisha kutolewa, hapana la kufanya tena. Huyu na akumbuke hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim ya wanawake wawili walioshindania mtoto mmoja. Nabii Daud alimpa yule mkubwa. Lakini wakapita kwa Nabii Sulaiman, naye akaliangalia shauri upya, akaomba kisu ampasue mtoto kati. Mdogo akalia asipasuliwe, apewe mwenzake. Ndipo Sulaiman akajua kwamba huyu ndiye mama. Ikiwa hukumu ya Nabii iliangaliwa mara ya pili, basi iweje ya hakimu wa leo isiombewe rufani Mahakama Kuu? Na mzazi aliyetengeneza hali yake, akapata nyumba na kazi, aweza kurudi kuomba amri igeuzwe.

Sasa twarudi kwetu sote. Arusi ikiwa Nairobi, twakodi basi zima, na sare twashona. Lakini binti yetu akiitwa mahakamani kwa sababu ya mwanawe, twasema: ametutia aibu, na asimame peke yake. Aibu ni ipi? Aibu ni mtoto wa Kiislamu kukosa mtu wa kumsemea, na huku jamaa zake wamejaa misikitini. Twaona inafaa kila msikiti na kila darasa liweke watu wawili au watatu wanaoijua njia ya mahakama, na fungu dogo la sadaka kwa nauli na karatasi. Wala msingoje mpaka shauri lifike kwa hakimu. Mama anayemfungia mtoto chumbani hamhitaji hakimu. Ahitaji jirani wa kumshikia mtoto mpaka adhuhuri.

Ewe Mola, wahifadhi watoto wetu, uwape nguvu wazazi wanyonge, uwaongoze mahakimu na maafisa kwenye uadilifu, na usitujaalie sisi kuwa ni wenye kuyapa mgongo majukumu yetu. Amin.