Aprili Haikuwamo Darasani

Kijana mmoja wa Dunga, kando ya Ziwa Victoria, alisoma bajeti shuleni, tena alifanya vizuri. Mwalimu aligawa vifuniko vya soda viwe pesa. Kila mwisho wa mwezi kila mwanafunzi alipokea mshahara wa vifuniko 30, akatoa vya kodi, vya unga, vya nauli ya matatu na vitatu vya akiba. Kijana alimaliza mchezo bila deni, darasa likampigia makofi.

Alipokuwa mtu mzima aliingia ziwani kuvua omena. Omena huvuliwa usiku wa giza, taa zikielea majini kuwavuta. Mbalamwezi ikiwaka, taa hazifui dafu, na mashua hubaki ufuoni. Kwa hiyo pesa zake hazikungoja mwisho wa mwezi. Zilikuja asubuhi, mkononi, baada ya mwenye mashua kutoa gharama na fungu lake: leo elfu mbili, kesho mia tatu, keshokutwa hakuna kitu. Naye siku ya elfu mbili akaiona ndiyo mshahara. Akachukua simu ya kulipa kidogo kidogo kila siku, akahamia chumba cha bei, jioni nyama choma na wenzake.

Kisheria, upande wa Kenya uvuvi wa omena hufungwa tangu Aprili mosi hadi mwisho wa Julai ili samaki wazaane. Kijana alilijua hilo tangu utotoni. Lakini kulijua ni jambo moja, kulitengea pesa ni jingine. Aprili alikopa kwa simu. Mei akakopa kwingine alipe mkopo wa kwanza. Juni waliomuuzia simu wakaifunga, na watu waliozoea kumpigia wampe vibarua wakawatafuta wengine. Kabla ziwa halijafunguliwa alikuwa amerudi kulala kwa mamake, naye mama ni mchuuzi wa omena hizo hizo, turubai lake la kuanikia limekunjwa.

Mimi simlaumu. Alifundishwa vizuri maisha ya karani wa mjini. Mtaala wa umilisi ulioanza madarasani mwaka 2019 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda. Basi atende ya kwao. Kila zamu ya mchezo iwe usiku mmoja. Mtoto achomoe karatasi kwenye gorogoro: giza, mbalamwezi, upepo, wavu umechanika, magugu yameziba gati. Avune vifuniko kulingana na karatasi yake, na mwalimu asimwambie aweke vingapi. Kisha, bila onyo, mwalimu afunge ziwa zamu kadhaa mfululizo huku unga na karo vikiendelea kudaiwa.

Wengi watafilisika. Mwalimu asiwaokoe wala asiwacheke. Aketi nao, wapitie matumizi yao usiku kwa usiku, kisha waanze upya. Mara ya pili, kabla ya kununua hata unga, wengine wataomba kopo la kuwekea vifuniko vya Aprili. Wapewe.