Nuru Yetu na Macho ya Mwenzetu

Tumeulizwa swali na jirani yetu mmoja wa hapa Newala, mwenye Land Rover ya zamani, nasi hatukuweza kumjibu siku ileile. Aliuliza hivi: Je, mtu aweza kukosa kwa sababu ya kutia nuru nyingi katika motakaa yake? Maana sisi sote tumezoea kusema ya kuwa nuru ni jambo jema na giza ni jambo baya, wala hatujamsikia mtu akilaumiwa kwa kuzidisha lililo jema. Swali hili si dogo kama lionekanavyo, kwa hiyo twaliandika hapa, ili nanyi mlipime.

Kwanza yafaa mjue habari za gari lenyewe. Land Rover za kwanza zilionyeshwa watu mjini Amsterdam mwezi wa Aprili 1948, na zile za umbo la zamani zimeacha kutengenezwa tangu Januari 2016. Walakini katika uwanda wa Makonde bado zapanda na kushuka, zikichukua abiria, magunia ya korosho na wagonjwa. Na mwezi wa Oktoba 2024, zilipokusanywa Arusha kwa tamasha lao, zilifika kwa mamia. Hii ya jirani yetu ina umri kumpita yeye mwenyewe. Umeme wake watoka katika dinamo ya kale, ambayo hata ilipokuwa mpya ilitoa ampea 22 tu, na taa zake mbili za mbele zilikuwa za manjano, nusura uzifananishe na kibatari.

Usiku mmoja alimchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa, kutoka Newala kwenda hospitali ya Masasi. Katika mteremko, pale njia inapoacha uwanda na kushuka kuelekea majabali ya Masasi, gogo lilikuwa limelala njiani, naye hakuliona mpaka lilipokuwa karibu kuguswa na gurudumu. Mungu aliwahurumia, mama alifika, akajifungua salama. Lakini dereva aliporudi nyumbani hakupata usingizi. Alisema, “Kama ningalimuua mama yule, ningalijitetea kwa neno gani? Kwamba taa zangu zilikuwa dhaifu, nami nilijua?” Basi akaenda akanunua globu za LED, zenye nuru nyeupe ya kuumiza, akazitia mahali pa zile za kale. Tena akafunga taa ndefu juu ya paa. Tangu siku ile aliona njia kama mchana, akafurahi, nasi tulifurahi pamoja naye.

Mwezi wa Novemba, wakati wa korosho, alikutana na mtu mmoja juu ya baiskeli mwenye gunia nyuma. Mtu yule alianguka mtaroni pamoja na mzigo wake, akavunjika kifundo cha mkono. Gari halikumgusa kabisa. Alipoulizwa alisema, “Sikuliona gari wala sikuiona njia. Niliona weupe tu.”

Hapo ndipo jirani yetu alipokuja kutuuliza. Wala hakuja kama mtu mkaidi. Alisema, “Niizime nuru iwezayo kumwokoa mama na mtoto wake, kwa ajili ya starehe ya mwenye baiskeli?” Twakiri ya kuwa neno hili lilituziba kinywa. Ni rahisi kumlaumu kijana afungaye taa kali kwa majivuno, ili watu wamtazame apitapo. Huyu hakufanya kwa majivuno, alifanya kwa huruma na kwa hofu. Na mtu atendaye kwa huruma ni mgumu kuonyeka, maana moyo wake wamshuhudia mema.

Lakini tuliangalia tena, tukaona ya kuwa hakulitaja jambo sawasawa. Mtu wa baiskeli hakupoteza starehe, alipoteza macho yake kwa kitambo. Mboni ya jicho hufunguka gizani. Nuru kali ikiipiga hujifunga mara moja, na nuru ikiisha kupita, jicho hukaa sekunde kadhaa kabla ya kulizoea giza tena. Kwa wazee hukawia zaidi. Kwa mwenye baiskeli sekunde tatu zatosha kuiacha njia. Na kama ajaye ni lori la korosho liendalo kilomita 60 kwa saa, katika sekunde tatu hizo hupita mita 50, na dereva wake haoni kitu. Basi kuona kwa mmoja kulinunuliwa kwa upofu wa mwingine, naye huyo wa pili hakuulizwa bei.

Tena hawako sawa. Dereva wawili wakikutana, mmoja akiwasha fulu, mwenzake humjibu kwa fulu. (Desturi hii nayo ni upumbavu, maana katika lile vumbi la uwandani wote wawili hubaki vipofu, kila mtu akijiona ameshinda.) Lakini atembeaye kwa miguu hana cha kujibu. Ana mkono wake tu wa kujifunika uso, na mara nyingi mkono huo umeshika ndoo iliyo kichwani, kwa kuwa alfajiri akina mama wako njiani kutafuta maji, na wengine waenda mikoroshoni kabla jua halijachomoza. Hata ninyi walimu wa vijijini, mrudio jioni kwa baiskeli kutoka mafundishoni, twajua wengi wenu mko upande huu wa taa kuliko upande ule.

Iko Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, na askari wana kazi yao. Lakini usiku wa manane katika mteremko ule hakuna askari. Kuna dereva na swichi yake.

Na sasa twataka kusema juu ya ufundi kidogo, kwa sababu katika ufundi tuliona sehemu ya jibu. Globu ya kale ina uzi mwembamba ndani yake, na lile bakuli ling'aalo nyuma yake lilipimwa kwa mahali pa uzi ule hasa. Ukiuhamisha kwa upana wa punje ya mtama, nuru hupotea njia. Nyingine yapanda mitini, nyingine yaingia machoni pa watu. Globu hizi za LED hazina uzi, zina vidoa ving'aavyo pande mbili, na ukizitia katika bakuli lisilo lao, mara nyingi nuru hutawanyika ovyo. Mwenye gari hudhani amepata nuru nyingi ya kuonea njia, kumbe sehemu yake kubwa haifiki njiani. Yako na makosa mengine. Sisi twapita upande wa kushoto, na taa zilizotengenezwa kwa nchi za namna yetu huitupa nuru ya chini zaidi kando ya kushoto. Zile za nchi zipitazo kulia, kama Ujerumani, huitupa kulia, yaani palepale penye macho ya mtu ajaye. Muuzaji hamwambii mnunuzi jambo hili.

Fundi mmoja mzee alipoifungua Land Rover ya jirani yetu, alionyesha kilichoidhoofisha tangu mwanzo. Nyaya zilikuwa zimechakaa na swichi imeliwa na kutu, na mabakuli ya taa yamepoteza mng'ao. Katika gari la volti 12, zikipotea volti mbili njiani, nuru ya globu ya uzi hupungua karibu nusu. Akavuta nyaya mpya nene, akatia rilei ili umeme utoke betri moja kwa moja, akabadili taa kwa nyingine zenye bakuli safi na globu za halojeni za wati 60 kwa 55, ambazo dinamo yaweza kuzilisha. Gari likaona vizuri. Si kama mchana, vizuri tu.

Basi lile gogo je? Hapa hatuna jibu jepesi, wala hatutaki kujifanya tunalo. Kwa taa za halali dereva aweza kuona mbali kiasi fulani na si zaidi, naye yampasa aende mwendo ambao aweza kusimama ndani ya kiasi hicho. Kumwambia hivyo mtu mwenye mama anayelia kitini nyuma ni neno zito. Dakika zile atakazochelewa ni za kweli. Lakini mwenye baiskeli naye ana mkono mmoja tu wa kulimia kwa sasa, na watoto wake wala kwa mkono huo.

Lililotusumbua zaidi ni hili, ya kuwa dereva hakutani na taa zake kamwe. Wote wa njiani wazijua, isipokuwa yeye. Kwa hiyo kabla fundi hajazigusa zile globu nyeupe, tulimwomba jirani yetu twende naye usiku karibu na Shimo la Mungu, mahali ambapo ukitazama bondeni kuelekea Ruvuma, taa za gari la mbali zaonekana ndogo na nzuri kama nyota. Tukamweka njiani, hatua hamsini mbele ya Land Rover yake mwenyewe, na utingo wake akawasha.

Alisimama kidogo, kisha akainua mkono usoni, akarudi nyuma, akakanyaga ukingo wa mtaro. Hakusema neno. Alipofika garini aliomba bisibisi.

Gharama za mkono wa yule mtu amezilipa, na gunia lake alilipeleka ghalani yeye mwenyewe. Lakini ile taa ndefu ya paa hakuiondoa. Ameipa swichi yake peke yake, naye asema ataiwasha porini tu, pasipo na mtu. Sisi twamwuliza atajuaje kama hapana mtu. Juu ya hilo bado hatujapatana.