WAZO LA LEO: Anzia Chini ya Bodi

Mwaka 1964, huko California, Bruce Meyers aliunda Meyers Manx, gari la bodi ya faiba la kukimbilia mchangani. Baadaye liliuzwa kwa vipande. Mnunuzi alivifunga mwenyewe juu ya sakafu ya Volkswagen Beetle iliyofupishwa.

Ukilikuta leo limetelekezwa bandani, kumbuka: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Faiba haishiki kutu. Msasa na rangi vinatosha kuing'arisha. Kinacholiwa ni chuma cha chini. Gonga sakafu kwa bisibisi. Bisibisi ikizama, kazi ianzie hapo. Fundi makini huinua bodi, huchomelea, ndipo anunue rangi.

Ukifufua chochote kilichosahauliwa, tengeneza kwanza pale ambapo hakuna atakayekusifia.