Kabla Hujafungua Dashibodi

Wanangu, mapenzi ya muziki wa gari huwapata wengi wenu kabla hamjawa na gari. Kwa mtoto aliyekulia Buruburu, Umoja au Rongai, mwalimu wa kwanza ni nganya, ile matatu iliyopambwa kwa michoro na muziki. Unapanda ukitoka shule, begi mapajani, makanga anawabana watatu pale panapotosha wawili, na wufa, spika ya besi iliyofichwa chini ya viti, inapiga hadi mbavu zinaitikia. Amplifaya hujui ni nini. Unachojua ni kwamba redio ya sebuleni kwenu haijawahi kukugusa mwilini namna hiyo. Hapo umeshanaswa, na kilichobaki ni kungoja mshahara.

Sikuja kuwalaumu. Sisi tuliozeekea kwenye umeme wa magari tumekula kwa mapenzi hayo hayo, na nisingependa yaishe. Ninachotaka ni mwelewe kile kilichowanasa, kwa sababu kijana asiyejua alichokipenda hununua kila anachoonyeshwa.

Ile nganya ni duka linalotembea. Tangu matatu ziruhusiwe rasmi mwaka 1973, mwenye gari amekuwa akitafuta namna ya kumfanya abiria aache magari mengine kituoni apande lake: mara michoro, mara taa, mara skrini, na muziki siku zote. Mshindo ule ni tangazo la biashara. Umetengenezwa usikike hadi ng'ambo ya barabara, uwaite vijana wa rika lako, na pesa iliyowekwa pale inarudi kwa nauli za kila siku. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Sasa wewe na kigari chako cha kwendea kazini, unamwita nani? Kila mwezi naona kijana anayetaka kufunga sauti ya gari la abiria 33 kwenye gari la watu watano, na mara nyingi aliye ndani ni mmoja.

Kuna mlango mwingine wa kuingilia, wa kimyakimya zaidi, na nadhani umewaingiza watu wazima wengi kuliko nganya. Ni redio ya gari lililotoka Japani. Mtu ananunua Vitz au Fielder yake, anaiwasha kwa furaha, na redio inamsalimu kwa Kijapani. Anatafuta stesheni, hapati. Japani masafa ya FM huanzia megahezi 76, na redio nyingi za magari hayo huishia 90. Huku kwetu tunaanzia 88 kwenda 108. Capital FM ya Nairobi iko 98.4, maana yake redio ile haiwezi kuifikia hata ukiipigia magoti. Fundi atakupa njia mbili: kifaa kidogo cha kushusha masafa, kinachofungwa kwenye waya wa antena, au redio mpya. Kifaa ni bei nafuu, ila namba unayoiona kwenye kioo haitakuwa namba ya stesheni, na sauti mara nyingine hupoteza usafi. Basi unachagua redio mpya.

Hapo ndipo mchezo unapoanza. Dashibodi ikishafunguliwa, fundi anakuonyesha spika za karatasi zilizokauka. Unabadilisha spika. Spika mpya zinaomba nguvu ambayo redio haina, unanunua amplifaya. Amplifaya ina nafasi ya wufa, na wufa inahitaji sanduku. Uliondoka nyumbani kwenda kusikiliza taarifa ya habari, ukarudi jioni bila nafasi ya kuweka gurudumu la akiba.

Mahangaiko ya redio ya gari si jambo la leo. Mwaka 1930, mjini Chicago, Paul Galvin na nduguye Joseph walianza kuuza redio ya gari waliyoiita Motorola, na tangu enzi hizo mafundi walihangaika na cheche za injini zilizokuwa zikikoroma ndani ya muziki. Hata sasa, ukisikia mlio mwembamba unaopanda kila ukikanyaga mafuta, jua waya za ishara zimelazwa pamoja na waya mkubwa wa betri, au waya wa hasi umefungwa juu ya rangi badala ya chuma kilichokwanguliwa. Mdai fundi aurekebishe kabla hujamlipa. Akikuambia magari yote hufanya hivyo, chukua ufunguo wako.

Nirudi kwenye nguvu, maana ndiko pesa zenu zinakopotelea. Ukitoka wati 100 kwenda 200, umeongeza desibeli tatu tu. Sikio linatambua, lakini kwa shida. Ili sikio liseme muziki umekuwa mkubwa maradufu, unahitaji nguvu mara kumi hivi. Na nguvu hiyo haitoki hewani. Amplifaya inayotoa wati 1,000 za kweli, hata ile isiyopoteza umeme mwingi, itaomba ampea 90 hivi muziki unapofika kilele. Altaneta za magari madogo, nyingi hazifiki hata 100, nazo zina taa, feni na injini za kulisha. Ndiyo maana taa za kijana fulani hufifia kila ngoma inapogonga, naye anadhani ni urembo. Zile wati 3,000 zilizoandikwa kwenye boksi kwa herufi za dhahabu, zipuuze. Tafuta namba ndogo yenye neno RMS. Hiyo ndiyo nguvu ambayo kifaa kinaweza kuitoa mfululizo.

Tazama na waya pia. Sokoni kuna waya za alumini zilizopakwa shaba, zinazouzwa kana kwamba ni shaba tupu. Kwa unene uleule hupitisha umeme mchache zaidi, nazo hupata moto mapema. Na fyuzi kuu ikae karibu na betri, isizidi nusu mita. Kazi yake ni kuulinda waya usiwake moto ukichubuka mahali unapopenya kwenye bati. Fyuzi iliyofungwa kule nyuma kando ya amplifaya imeacha urefu wote wa gari bila mlinzi. Gari likiungua kwa hili, huungua upesi.

Kinachowafanya watu wabaki katika mapenzi haya hadi mvi ziwatoke si mshindo. Nimewaona wateja waliozima wufa zao baada ya miezi michache kwa sababu kichwa kinauma, na nimewaona wengine ambao bado wananipigia simu kuulizia twita, zile spika ndogo za sauti nyembamba. Hawa wa pili walinaswa na jambo dogo: wimbo waliokuwa wakiujua tangu utotoni ulifunguka. Chukua rumba ya Franco na TPOK Jazz. Kwenye spika mbovu unasikia gita moja likikimbia. Kwenye spika nzuri, zilizofungwa vizuri milangoni, unagundua gita ni kadhaa, la solo huku, mi-solo kule, lile la kushika mdundo likiwabeba wote. Kwa kazi hiyo huhitaji wati 1,000. Spika mbili za mbele zenye ubora, mlango uliozibwa matundu na kubandikwa vizuizi vya mtetemo, amplifaya ya kiasi, basi. Wufa ije mwisho, ndogo, kwenye sanduku lililopimwa.

Masikio yenu nayo hayauzwi kwenye maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue, Nairobi. Wataalamu wa usalama kazini wa Marekani wanapendekeza usizidi desibeli 85 kwa saa nane, na kila zikiongezeka tatu, muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na robo saa, na safari ya kutoka mjini hadi Rongai jioni mnaijua ilivyo. Majirani nao wana haki ya kulala. Kenya ina kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na mtoto mchanga wa nyumba ya pili hahitaji kanuni kukuonyesha umekosea.

Kwa hiyo, mwanangu uliyepokea mshahara wa kwanza, usiende dukani Jumamosi hii. Waombe wenye magari mnaofahamiana wakuruhusu ukae kiti cha mbele, uweke wimbo wako mmoja unaoujua vizuri, usikilize kwa sauti ya kawaida. Halafu waulize ni kifaa kipi walichonunua ambacho leo wasingekinunua tena. Andika majibu yao, uende nayo kwa fundi.