Mikaeli: Jina Lililo Swali

Katika madarasa yetu ya Kampala, wana wa Rubaga na Namirembe huketi pamoja na wana wa Kibuli. Haishangazi basi dawati moja likiwa na Mikaeli na Mikaili. Jina ni moja, ila limetufikia kwa njia mbili: Biblia na Kurani. Je, jina hili lamsifu mwenye kuitwa, au lamwonya?

Asili yake ni Kiebrania, nalo ni sentensi kamili: mi ni "nani", kha ni "kama", el ni "Mungu". Nani aliye kama Mungu? Majina ya namna hii si mageni kwetu. Ndugu zetu wa Ankole huwaita watoto wao Nuwagaba, yaani "Yeye ndiye agawaye", na Tumwesigye, yaani "tumtumaini". Lakini hayo yanatamka; Mikaeli linauliza, na jibu lake ni moja tu: hakuna.

Tena jina hili si la malaika peke yao. Katika kitabu cha Hesabu, Mikaeli ni binadamu, baba yake Sethuri wa kabila la Asheri. Torati haimtaji malaika yeyote kwa jina. Ni katika kitabu cha Danieli ndimo tunamowakuta Mikaeli na Gabrieli. Wazee wa Kiyahudi walisema kwamba majina ya malaika yalikuja pamoja na watu waliorudi kutoka Babeli.

Wapo wasemao kwamba jina ni alama tu. Twakubali kuwa jina halimfinyangi mtu. Lakini humwekea kipimo. Waraka wa Yuda wasimulia kwamba Mikaeli, aliposhindana na Ibilisi juu ya mwili wa Musa, hakuthubutu kumlaumu kwa matukano, bali alimwachia Bwana kazi ya kukemea. Malaika mkuu alikataa kuketi katika kiti kisicho chake. Hapo ndipo alipostahili jina lake.

Wahenga walinena: jina jema hung'ara gizani. Twaongeza kwamba ni mwenendo uling'arishao. Nasi walimu tumepewa uwezo wa kuhukumu: twatoa alama, na pengine twamwambia mtoto kwamba hana akili, kana kwamba twaijua kesho yake. Kila asubuhi, tusomapo jina la Mikaeli katika daftari la mahudhurio, twajiuliza swali hilo sisi wenyewe kabla ya mtoto kuitika.