Jirani Aliye Chini ya Mto



Wamepokea Bukhari na Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alizifananisha sala tano na mto upitao mlangoni mwa mtu, akawa anaoga humo mara tano kila siku, akawauliza maswahaba kama uchafu wowote utambakia mwilini. Wakasema hautabaki.

Sisi wa Dar es Salaam mto huo tunao. Msimbazi unashuka kutoka vilima vya Pugu, unapita Vingunguti, Kigogo na Jangwani hadi baharini kwenye daraja la Selander. Nani kati yetu leo angethubutu kutawadha humo?

Viwanda vina dhima yao, na serikali pia. Mimi naongea na sisi tunaopanga safu. Mvua kubwa ikishika usiku, wapo wanaotapisha vyoo: shimo linafunguliwa, maji ya mvua yanabeba kila kitu, na mwenye nyumba anaamka akiwa ameokoa pesa ya gari la majitaka. Kinyesi kile kimeingia chumbani kwa mtu wa bondeni, kwenye godoro la watoto wake. Kimetuama kwenye matuta ya mchicha tunaoununua sokoni. Kipindupindu hupita njia hiyohiyo.

Katika Hadithi iliyo kwa Abu Daud, Mtume alionya juu ya mambo matatu yanayoleta laana, na mojawapo ni kujisaidia mahali watu wanapofuata maji. Hapo ni haja ya mtu mmoja. Itakuwaje shimo zima la nyumba ya wapangaji?

Tena hili ni katika haki za waja. Ukimkosea Mola wako, unatubu kwake. Ukimdhuru mja, wanazuoni wameongeza sharti: umrudishie haki yake au akusamehe. Na huyu wa chini ya mto hata jina lake hulijui. Utamwomba radhi wapi?

Kwa hiyo naiomba kamati ya msikiti, kabla ya vuli, iorodheshe nyumba za mtaa zenye vyoo vilivyojaa na wenyewe hawana uwezo. Tuchangishane Ijumaa hii. Gari liitwe wakati vichochoro vikiwa vikavu, na lisipofika patumike pampu ya mkono. Mwenye nafasi alipie shimo lake, kisha alipie na la mjane wa jirani.